Wakati ujao wa Kifaransa: usikate -er

Umeuliza kwa nini mwalimu amekukosoa ulipoandika "je parlai" ukimaanisha "nitazungumza". Ni kwa sababu umekata -er ya parler (kuzungumza) kama tunavyofanya kwenye wakati uliopo. Hapa haikatwi. Chukua kitenzi kizima, kisha bandika mwishoni -ai, -as, -a, -ons, -ez au -ont: je parlerai, tu finiras, ils parleront. Vitenzi vya -re vinadondosha e tu: vendre (kuuza), je vendrai. Na hiyo "je parlai" ipo kweli, ila ni wakati uliopita wa vitabuni, kwa hiyo umesema kinyume kabisa!

Viambishi hivyo usivikariri upya. Ni avoir (kuwa na) ileile unayoijua: j'ai, tu as, il a, ils ont, kwa nous na vous kinabaki kipande cha mwisho tu. Sisi -ta- yetu inakaa katikati, ni-ta-uza, wao alama inakaa nyuma, na hapo ndipo wengi tunateleza. Tega sikio kwenye r: nous vendons, tunauza, nous vendrons, tutauza.

Être (kuwa), aller (kwenda) na avoir vina mashina yake (ser-, ir-, aur-), lakini viambishi ni vilevile.