Kabla ya kukanyaga daraja la kuning'inia la Nyungwe: ushauri kwa wanaotoka Bukavu

Mtu wa Bukavu anayetamani kutembea juu ya daraja linaloning'inia katikati ya milima hana haja ya kupanda ndege. Daraja la msitu wa Nyungwe, upande wa Rwanda, liko zaidi kidogo ya kilomita 50 kutoka Kamembe, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka wetu, na wengi wetu tumelipita mara nyingi tukiwa ndani ya basi la Huye au Kigali bila kujua kwamba lipo, kwa sababu halionekani kutoka barabarani. Nimekwenda huko na wageni wa nyumbani na pia na wenzangu wa kazini, na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile: mtu mwoga afanyeje? Nitalijibu, lakini nianze na mambo ya njiani, maana hayo ndiyo huharibu siku ya watu wengi kabla hata hawajaliona daraja.

Saa za kuvuka mpaka hubadilika kufuatana na hali ya mambo, kwa hiyo ulizia siku moja kabla, kisha uwe kwenye kituo cha mpaka cha Ruzizi ya Kwanza mapema iwezekanavyo. Chakula cha njiani kitie ndani ya kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na sashe ya mkate itakuchelewesha bure mpakani. Kwenda kwa basi ni rahisi, kwani utashushwa Uwinka, mahali penye ofisi ya mapokezi ya hifadhi. Shida ni kurudi: mabasi ya kutoka Kigali hufika hapo yakiwa yamejaa, nayo hayasimami. Afadhali mchange fedha watu wanne, mkodi gari pamoja na dereva atakayewasubiri.

Uwinka iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400, ilhali sisi wa kando ya ziwa tunaishi karibu na mita 1,500. Pumzi haitakusumbua sana, lakini baridi utaiona, hasa ikiwa umezoea kuvaa shati jepesi kutwa nzima. Mimi huchagua kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, kwa sababu katika miezi ya mvua njia huwa tope tupu na ukungu unaweza kulifunika bonde lote usione kitu. Vaa viatu vyenye soli ya kushika ardhi. Mama anayependa kitenge avae suruali ndani, apate kukikunja bila wasiwasi. Jambo lingine ambalo wageni hawaambiwi: daraja liko chini ya ofisi, kwa hiyo mnaanza kwa kuteremka mkicheka, na mlima wenyewe mtaukuta wakati wa kurudi. Njia hiyo huitwa Igishigishigi, kwa jina la mimea mirefu ya jamii ya kangaga iliyojaa pande zote. Hutembei peke yako. Lazima mwongozaji wa hifadhi awe nanyi.

Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa takriban mita 160, limegawanywa vipande vitatu vinavyoshikwa na minara ya chuma, na kipande kirefu kuliko vyote kina karibu mita 90. Mahali ambapo bonde limezama zaidi, miguu yako iko zaidi ya mita 50 juu ya ardhi, na njia ya kukanyaga ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana.

Sasa tuje kwenye hofu. Nimeona kwamba wengi hawaogopi urefu, wanaogopa kuyumba. Mama mmoja wa kikundi chetu, mfanyabiashara wa Kadutu asiyetishwa na mtu yeyote sokoni, alisimama hatua chache tu baada ya mnara wa kwanza, akashika nyaya kwa mikono yote miwili hadi vidole vikabadilika rangi, akamwita mwongozaji: «Papa, hiki kitu kinacheza!» Naye akamjibu kwa upole: «Kiache kicheze, mama. Siku kikikataa kucheza, mimi mwenyewe sitapanda.»

Alisema kweli. Daraja la namna hii halisimami juu ya nguzo zilizo chini yake. Linabebwa na nyaya nene zilizofungwa kwenye minara, na uzito wako unapohama kutoka hatua hadi hatua, nyaya zinajipinda kuufuata. Wazee waliotembea kwa miguu katika misitu ya Shabunda, wakavuka mito juu ya madaraja ya kamba za mwituni, wanaijua hali hii bila kufundishwa. Kinachohitaji uangalifu ni watu kukanyaga kwa mdundo mmoja, kwa kuwa kila hatua huongeza nguvu kwenye ile iliyotangulia. Mwaka 1850 huko Angers, Ufaransa, daraja la kuning'inia lilikatika wakati kikosi cha askari kilipokuwa kikivuka kukiwa na upepo mkali, na zaidi ya watu 200 walikufa. Nyaya zilizoliwa na kutu zilichangia msiba huo. London nayo ililifunga daraja lake la waenda kwa miguu siku mbili tu baada ya kulifungua mwezi wa sita mwaka 2000, kwa sababu umati ulikuwa ukilisukuma huku na huko bila kukusudia, na halikufunguliwa tena hadi mwaka 2002. Ndiyo maana mwongozaji wa Nyungwe huhesabu watu kabla ya kuwaruhusu kuingia kwenye kila kipande. Msibishane naye, na vijana wasifanye mchezo wa kuruka-ruka ili kuwatisha wenzao.

Wakati wa kuvuka, piga hatua fupi, acha nafasi kati yako na wa mbele, na usifuate mwendo wake. Mikono iteleze juu ya nyaya; ukizing'ang'ania, kila mtikisiko utakufika mabegani. Macho yaelekeze kwenye mnara unaofuata. Simu iache mfukoni hadi ufike kwenye mnara, mahali ambapo unaweza kusimama imara, ugeuke na kupiga picha. Hapo pia ndipo pa kutazama vilele vya miti kutoka juu, kama ndege anavyoviona, na kusikiliza kama mbega wako karibu. Muulize mwongozaji akuonyeshe mgongo wa milima unaogawa maji: mvua inayonyesha upande mmoja huishia mto Nile, ya upande mwingine hushuka kuelekea kwetu na hatimaye mto Kongo.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, au anayeshikwa na kizunguzungu hata juu ya ngazi ya nyumba asilazimishwe na wenzake. Amwambie mwongozaji mapema, kabla ya kulipa, kwa sababu msitu una njia nyingine nzuri. Upande wa Gisakura, kwenye mashamba ya chai mnayoyapita mkitoka Kamembe, kuna matembezi ya kwenda kwenye maporomoko ya maji.