Deksamethasoni usimpe mzee bado

Dada uliyeuliza kama umnunulie baba anayeumwa Uviko dawa ya deksamethasoni duka la dawa hapo Majengo, kwa kuwa jirani yenu aliyelazwa na Uviko alipewa akapona: hapana, usimpe bado. Jirani alikuwa kwenye oksijeni. Tofauti iko hapo.

Siku za mwanzo kirusi kinazaliana na kinga ya mwili inapambana nacho. Dawa hii huipunguza nguvu kinga hiyo. Baadaye, mara nyingi kuelekea wiki ya pili, kwa baadhi ya wagonjwa kinga hupitiliza. Mapafu yanavimba, vifuko vya hewa vinajaa majimaji, mtu amekaa kitini lakini anahema kama anapanda kilima cha Mlimwa. Huyo ndiye dawa hii inamwokoa. Utafiti mkubwa wa Uingereza mwaka 2020 ulitumia miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10: vifo vilipungua kwa theluthi hivi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika.

Na umesema mzee ana sukari. Dawa hii huipandisha, tena haraka, kwa hiyo ni ya kupewa na daktari.

Usiku huu kaa naye, tazama kifua chake kikipanda na kushuka kwa dakika nzima, uhesabu. Akipita pumzi 30, midomo ikibadilika rangi, au kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 94, mpelekeni hospitali, msingoje kukuche.