Leo huki, kesho pushi: anzia hapa kabla hujagusa viganja

Wale mnaoanza gofu na mmefika ile hatua mpira umeshaanza kuruka vizuri ila hujui utaangukia wapi, haya ni ya kwenu. Naongelea anayepiga kulia, wa kushoto geuza tu pande. Huki ni ule mpira unaopinda vikali kwenda kushoto, ukitua ndo unazidi kukimbia, na pushi ni ule unaotoka kulia ya shabaha na kunyooka hukohuko kulia bila kupinda. Wengi wanaamini wana matatizo mawili, manake moja inaenda kushoto na nyingine kulia, basi wanatafuta dawa ya huki, wakiipata pushi zinaongezeka, wanahangaika na pushi, huki inarudi, na hivyo hivyo mpaka mtu anakata tamaa na fimbo anauza. Ninachotaka ukishike ni kwamba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, zote zinatoka kwenye njia ya fimbo inayotokea ndani, yaani upande wako wa mstari wa shabaha, kwenda nje, upande wa pili, kupita kiasi.

Chukua mfano. Fimbo inapita kwenye mpira ikielekea digrii 8 kulia ya shabaha. Uso wa fimbo, ile sehemu inayougonga mpira, nao ukiwa umeangalia digrii 8 kulia, mpira unaenda kulia moja kwa moja, hiyo pushi. Piga tena, njia ile ile digrii 8, ila safari hii viganja vimewahi kugeuka na uso umeangalia shabaha yenyewe, hapo kati ya uso na njia kuna tofauti ya digrii 8, mpira unaanza karibu na mstari halafu unakunja kushoto. Swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo, ni ileile, wewe mwenyewe umehisi kitu kilekile, kilichobadilika ni viganja tu. Na usidhani utaviongoza pale kwenye mpira, mpira unakaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, hakuna mkono wa mtu unaowahi kurekebisha kitu hapo. Ndo maana nasema tusianze na viganja.

Zamani makocha wengi walifundisha kwamba mpira unaanza kwa kufuata njia ya fimbo halafu unapinda kuufuata uso. Rada za kupimia kama TrackMan zilipoingia zikaonyesha kwamba pa kuanzia mpira panaamuliwa zaidi na uso, kama asilimia 75 kwa aironi (fimbo za chuma) na kama 85 kwa draiva (ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo), na kupinda kunatokana na tofauti ya uso na njia. Lijue hili mapema sababu ule ushauri wa zamani bado unazunguka na utaambiwa na mtu mwenye nia nzuri kabisa.

Sasa kabla ya kurekebisha chochote, soma ushahidi. Chomeka kijiti ardhini hatua tatu nne mbele ya mpira kwenye mstari wa shabaha, piga aironi 7, angalia mpira umepita upande gani wa kijiti, hiyo inakuambia uso ulikuwa unaangalia wapi. Halafu chuchumaa uangalie palipong'oka nyasi. Weka fimbo chini sambamba na shabaha pembeni ya hilo shimo, sio kukadiria kwa macho ukiwa umesimama. Kama shimo limelala linaelekea kulia kuliko fimbo uliyoilaza, na la pili hivyo hivyo, na la tatu, basi njia yako umeshaiona kwa macho, haijalishi mpira ulienda kushoto au kulia.

Anza na kusimama, sababu kesi nyingi zinaishia hapa hapa. Mtu akisumbuliwa na huki anaanza kujielekeza kulia ili mpira upate nafasi ya kurudi, mabega yanafunga, yanaangalia kulia, na mabega yakiangalia kulia fimbo nayo inapita kulia zaidi, yaani anajiongezea ugonjwa kila wiki bila kujua. Laza fimbo mbili chini, moja inaelekea shabaha, nyingine mbele ya vidole vya miguu sambamba na ya kwanza, na mtu mwingine akuangalie mabega, sababu miguu inaweza kuwa sawa na mabega yakawa yamefunga. Halafu mpira uko wapi? Ukiwa nyuma sana, karibu na mguu wa kulia, fimbo inaukuta ikiwa bado inashuka na bado inaelekea nje, uso haujafika kujifunga, pushi hiyo inakuwa ya uhakika. Aironi za katikati weka mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, draiva usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto.

Gripu, yaani unavyoishika fimbo, maelezo yake ni mafupi: shika fimbo, tazama mkono wa kushoto, hesabu vifundo vya vidole unavyoviona. Viwili mpaka viwili na nusu ni sawa, ukiona vinne gripu ina nguvu mno, yaani mkono umegeukia kulia sana, sio kwamba unabana, na uso utafunga tu. Watu wanapenda kumtaja Ben Hogan hapa, Mmarekani wa zamani aliyeshinda meja 9 (yale mashindano makubwa kuliko yote ya gofu), aliyesumbuliwa na huki miaka mingi na akaidhoofisha gripu yake. Kweli, lakini Hogan alikuwa na mwili unaozunguka vizuri sana kwenye mpira. Wewe ambaye mwili bado unaacha kuzunguka, ukidhoofisha gripu bila kugusa mengine huki itapungua na pushi itakujaa uwanja mzima.

Na mwili ndo penyewe, hapa naomba utulie. Tazama mtu wa huki na pushi kutokea mbele yake anaposhusha fimbo: kiuno hakizunguki, kinateleza kuelekea shabaha, bega la kulia linadondoka, mgongo unalala nyuma, na fimbo inabaki imekwama nyuma ya nyonga ya kulia. Kutoka huko haina pa kupita zaidi ya kwenda nje. Kisha kifua kinaacha kuzunguka, na mwili ukiacha kuzunguka mikono inafanya moja kati ya mawili, inachelewa na mpira unaenda kulia au inajigeuza haraka kuokoa na mpira unaenda kushoto. Wengine makalio yanasogea kuelekea kwenye mpira, wanajinyanyua, mikono inakosa nafasi, matokeo ni yale yale. Kwa hao ninachokiamini kuliko vyote ni ukuta. Simama makalio yakiwa yameugusa kidogo, bila fimbo, mikono imekunjwa kifuani. Ukizunguka kama unayerudisha fimbo nyuma kalio la kulia ndo linabaki ukutani, ukishuka la kushoto linachukua nafasi yake na kifua kinageuka kushoto ya shabaha. Ukihisi umeuacha ukuta hata kidogo, rudia polepole. Inaonekana kazi ndogo mpaka ujaribu, na unaweza kuifanya nyumbani kila siku.

Angalia pia fimbo inavyoanza kurudi nyuma. Ikifika usawa wa kiuno, ikiwa imelala sambamba na ardhi, kichwa chake kiwe mbele ya mikono yako au usawa nayo. Kama kimeshazunguka nyuma ya mikono, umeivuta ndani mapema na njia ya kurudi utakuwa umeshaichagua.

Mpirani weka kifuniko cha draiva chini, kama sentimita 30 nyuma ya mpira, upande wako wa mstari wa shabaha, ukiacha nafasi ya kichwa cha fimbo kupita tu. Piga nusu swingi kwa aironi 8 bila kukigusa. Fimbo ikitokea ndani sana itakigonga na utajua hapo hapo bila kuambiwa na mtu, ila kiwe kitu laini, sio kijiti wala tofali, viganja vyako unavihitaji. Nusu swingi kwanza, na umalize kifua kikiwa kimeshapita shabaha kwenda kushoto na mikono iko chini, haijajikunja begani. Ikitulia ndo uongeze urefu. Usiruke kwenda swingi kamili sababu ya mipira miwili mizuri, karibu kila mtu anaruka hapa na ndo maana wanarudi walikotoka. Ukipata mteremko ambao mpira uko chini kuliko miguu yako, pigia hapo pia, unakulazimisha kubaki umeinama na kuendelea kuzunguka.

Draiva ina jambo lake. Kabla ya kulaumu swingi, puliza poda ya miguu kwenye uso wa draiva upige mpira, uone alama imekaa wapi. Alama ikiwa upande wa ncha, mbali na mpini, mpira unapewa mzunguko wa kwenda kushoto na kichwa chenyewe cha fimbo hata kama njia na uso vilikuwa sawa, na dawa ya hapo ni kupiga katikati, sio kubadili mwili wote.

Na huki ikikushika katikati ya mchezo, usianze ukarabati kwenye shimo la saba. Rudisha draiva kwenye begi, chukua fimbo yenye mwinamo zaidi, yaani uso wake umelala zaidi kutazama juu, sababu mwinamo ukizidi mpira haupindi sana, shika chini kidogo kwenye mpini, piga robo tatu ya swingi, na fikiria kifua tu kuendelea kugeuka mpaka mwisho. Mengine yasubiri uwanja wa mazoezi. Ukiona siku moja mpira umeanza kupinda kidogo kwenda kulia, usishtuke na usikimbilie kuongeza nguvu ya gripu, hiyo ni dalili njia inarudi katikati na viganja bado havijazoea, uache hivyo wiki kadhaa huku ukiendelea na ukuta na kile kifuniko.