Tumefuta folda kwenye kompyuta, na wingu nalo limefuta

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari moja wilayani Kasulu. Alama za wanafunzi, matokeo ya mihula, picha za usajili na barua za ofisi vyote viko kwenye kompyuta moja. Mwaka jana mwenzetu alituwekea Google Drive, lile wingu la kuhifadhi mafaili mtandaoni, tukaambiwa sasa tuko salama. Wiki iliyopita mwalimu mmoja alikuwa anapunguza mafaili akafuta folda ya Kidato cha Tatu. Kufungua Drive kwenye simu, na huko haipo! Sasa wingu lina faida gani? Na kuna namna ya kuhifadhi bila kumaliza bando?

JIBU: Mwalimu, pole. Kabla hujasoma zaidi, nenda kaokoe folda. Fungua Drive kupitia kivinjari, kama Chrome, kwenye akaunti ileile iliyowekwa kwenye kompyuta, kisha ingia kwenye pipa la taka, palipoandikwa Trash. Kinachofutwa hukaa humo siku 30, baada ya hapo hakipatikani tena. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua kurejesha. Usipoiona, tazama pia pipa la kompyuta yenyewe. Na mwambie yule mwalimu wa kupunguza mafaili asimwage pipa lolote kwa sasa.

Turudi kwenye swali lako. Mlichowekewa ni kioo. Ukijipaka masizi, na kioo kinaonyesha masizi. Programu ya Drive ya kwenye kompyuta kazi yake ni kusawazisha, vijana wanasema kusinki: kikibadilika hapa kibadilike na kule. Inafaa sana kompyuta ikiibwa au ikiungua kwa umeme. Lakini mtu akifuta, akiharibu, au flashi ikileta virusi vinavyofunga mafaili, programu itabeba uharibifu huo juu kwa uaminifu uleule. Kwa faili lililoharibiwa bila kufutwa kuna ahueni, kwani Drive hutunza matoleo ya zamani ya faili la Excel au Word kwa siku 30 au hadi matoleo 100. Shida ni kwamba kosa la alama za Machi mara nyingi hugunduliwa Juni, ripoti zinapoandaliwa.

Kwa hiyo mnahitaji nakala ambayo mkono uliokosea hauwezi kuifikia. Hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote.

Fungueni akaunti ya pili ya shule, ya akiba tu, na msiiingize kamwe kwenye programu ya Drive ya kompyuta ile. Wengi hutengeneza folda iitwayo Akiba ndani ya akaunti ileile, wakasahau kwamba nayo inaonekana kwenye kompyuta na inafutika kama nyingine. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, ifungashe folda ya taaluma kuwa faili moja la zip. Programu ya 7-Zip ni ya bure, na inakuruhusu kuweka nenosiri lenye usimbaji wa AES-256, yaani faili halisomeki bila nenosiri hilo. Lipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe. Lipandishe kupitia kivinjari, halafu toka kwenye akaunti. La wiki iliyopita liache hapohapo, usilifunike kwa jipya.

Bando lisikutishe. Faili la Excel lenye alama za wanafunzi 600 kwa kawaida halifiki hata MB 1. Wanaokula bando ni picha na video za mahafali. Mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde utachukua dakika tano na ushee kwa MB 40, lakini GB 1 itakula saa mbili na robo, tena kama haujakatika njiani. Basi picha za usajili zipandishe mara moja mwanzoni mwa mwaka, ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri au kwa bando la usiku, na uziweke kando na zip ya kila wiki. Kwenye mipangilio ya programu ya Drive mnaweza pia kupunguza kasi ya kupandisha, au kuisimamisha kabisa mchana. Na chagueni ihifadhi mafaili yote ndani ya kompyuta. Ule mtindo wa kuyaacha mtandaoni na kuyavuta pale yanapohitajika utawaaibisha siku mtandao ukisuasua.

Akaunti ya bure ina GB 15, zinazogawanwa na barua pepe na picha za Google. Siku hizi hata akiba ya WhatsApp ya simu za Android inahesabiwa humo. Ndiyo maana simu ya mtu yeyote, hata ya Mkuu, isiingizwe akaunti ya shule. Shule zinazotambulika zinaweza kuomba Google Workspace ya elimu bila malipo, yenye TB 100 kwa shule nzima, ila mtahitaji anwani yenu ya mtandao, kwa mfano ya .sc.tz.

Akaunti zote mbili ziwe za shule. Mwalimu akihamishiwa Kakonko na Drive ni yake, alama zimehama naye. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai uthibitisho wa pili juu ya nenosiri, mchapishe zile namba 10 za dharura ambazo Google hutoa, mzifungie kwenye bahasha kabatini kwa Mkuu pamoja na nenosiri la zip. Nimeshaletewa zip nzima kabisa, haina kasoro, ila aliyejua nenosiri alikuwa amestaafu.

Hizi ni taarifa za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023. Ina masharti hata ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na wingu hili liko nje. Mkuu amwulize Afisa Elimu kabla hamjaanza. Kwa vyovyote, msisambaze kiungo kinachofunguliwa na kila mwenye nacho kwenye kundi la walimu.

Wekeni na diski moja ya nje, ichomolewe kila baada ya kazi na ilale jengo jingine. Shule moja niliyohudumia ilikuwa na flashi ya akiba imefungwa kwa kamba kwenye kompyuta ili isipotee. Mwizi alibeba vyote kwa mkono mmoja.

Kila muhula ukifunguliwa, shusha zip moja kwenye kompyuta nyingine, uifungue na utafute alama za mwanafunzi mmoja unayemkumbuka. Usipozipata, bado hamna akiba.

Folda ya Kidato cha Tatu ikigoma kurudi, niandikie tarehe iliyofutwa na akaunti ipi ilikuwa wazi kwenye kompyuta siku hiyo. Nenosiri usinitumie. Mara nyingi watu wanakuwa wanapekua pipa la akaunti nyingine.