Mosi-oa-Tunya: Uliza Maji Kwanza, Tiketi Baadaye

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Mwakani mimi na mke wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa, na watoto wetu wamekubaliana kutuchangia safari ya kwenda kuyaona Maporomoko ya Victoria, tukifuatana na wajukuu wawili walio shule ya msingi. Tuna siku kumi hivi. Tumefikiria kwenda Desemba shule zikiwa zimefungwa, tena kuna aliyetuambia kwamba mvua za kule zinakuwa zimeanza, hivyo maji yatakuwa mengi. Tungependa kuona na wanyama, ila hatutaki kuhamahama kila siku, maana bibi yao anasumbuliwa na magoti. Je, upande upi unafaa, Zambia au Zimbabwe, na twende kwa basi au kwa ndege?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na hongereni sana. Naomba nianze na hiyo Desemba, kwa sababu hapo ndipo mshauri wenu alipoteleza, ingawa hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa kama angekuwa anazungumzia Ruvu, ambao mvua ikipiga Uluguru hauchukui muda mrefu kuleta maji ya matope huku kwenu. Zambezi, mto wenye maporomoko hayo, una tabia nyingine. Unaanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, unaingia Angola, unarudi tena Zambia, kisha unatandaa katika tambarare za Barotse, na humo maji hukaa wiki nyingi kama yaliyomiminwa kwenye sinia. Tambarare hufurika kiasi kwamba mfalme wa Walozi huhama kwa mtumbwi mkubwa kutoka Lealui kwenda Limulunga, katika sherehe iitwayo Kuomboka. Kwa hiyo mvua inayoanza kunyesha Novemba hufika kwenye maporomoko kwa kuchelewa sana. Mto hujaa kabisa Aprili na hupungua kabisa Oktoba na Novemba, na Desemba ndiyo kwanza unaanza kupanda. Mwaka 2019, mwaka wa ukame mkali, ilipofika mwisho wa mwaka sehemu kubwa ya ukuta upande wa Zambia ilikuwa mwamba mtupu, na watu waliotoka mbali wakapiga picha za mawe.

Usije ukadhani basi kwamba Aprili ndiyo dawa. Niliwahi kwenda Aprili, nikajiona mjanja. Wingu la manyunyu nililiona nikiwa bado mbali, limesimama juu ya miti kama moshi wa tanuri la chokaa, lakini nilipofika kwenye daraja dogo la waenda kwa miguu upande wa Zambia sikuona maji wala jabali. Niliona weupe tu. Mvua ilikuwa inapanda kutoka chini, ikaingia kwenye mikono ya koti nililokodi mlangoni, na simu niliyokuwa nimeizungushia mfuko wa nailoni ikazima kabla sijapata hata picha moja. Ngurumo yenyewe niliisikia kifuani kuliko masikioni. Wenyeji waliipa mahali hapo jina la Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao, na hiyo «mosi» sidhani kama Mswahili anahitaji kutafsiriwa.

Ushauri wangu ni kwamba muiache Desemba na mchukue likizo ya katikati ya mwaka, mkiondoka kadiri mnavyoweza karibu na mwisho wa Juni. Wakati huo maji bado ni mengi, ila manyunyu yamepungua kiasi cha kuuona ukuta wenyewe, ambao una upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na majani yameanza kukauka, hivyo wanyama wanasogea mitoni. Kitakachowashangaza ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai huko si baridi ya kujifunika kitenge. Wabebeeni wajukuu masweta mazito na soksi, kwa kuwa mtoto wa Bagamoyo hajui baridi ya namna hiyo.

Kuhusu upande, kwa mwezi huo na kwa magoti hayo ningechagua kulala Zimbabwe, katika mji wa Victoria Falls. Lango la hifadhi liko karibu na mji, njia zake ndani ya ule msitu unaonyweshwa na manyunyu ni za kutembea taratibu, na unakuwa umesimama ng'ambo ya korongo ukiyatazama maporomoko uso kwa uso, sehemu yake kubwa. Zambia unakuwa karibu zaidi na maji, na mimi binafsi napenda ukaribu huo, lakini mji wa Livingstone uko kama kilomita 10 kutoka kwenye maporomoko, na ile njia ya kuteremka hadi chini ya korongo ni ya mawe na ngazi; bibi abaki juu. Siku moja vukeni daraja lililofunguliwa mwaka 1905, ambalo treni, magari na watembea kwa miguu wote hulitumia. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Zambia, Zimbabwe wala Botswana, kwa hiyo kuvuka kwenyewe ni suala la mihuri na foleni.

Mkishavuka, ingieni katika jumba la makumbusho la Livingstone mjini. Nasema hivi kwa sababu ninyi ni watu wa Bagamoyo, na wajukuu bila shaka wamekwisha kuonyeshwa ule mnara wa kanisa la Misheni ambako mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, alikofia Mei 1873. Huyo ndiye aliyeyaita maporomoko kwa jina la malkia wake mwaka 1855. Watoto wenu wanaujua mwisho wa hadithi hiyo tu.

Upande wa wanyama, msikubali kuuziwa simba. Saadani iko jirani yenu, na nchi hii haina upungufu wa mbuga. Kitu ambacho ni vigumu kukipata hapa kwetu kwa wingi ule ni ndovu mtoni, na kwa hilo nendeni Chobe, Botswana, mlale Kasane usiku mmoja au miwili; ni mwendo wa kilomita kama 80 kutoka Victoria Falls. Hakuna nchi yenye tembo wengi kuliko Botswana, na Chobe unawatazama ukiwa umekaa kwenye boti, jambo ambalo magoti yatalishukuru: tembo wanaingia majini, mkonga peke yake unabaki juu kama bomba, na watoto wao wamebanwa katikati ya mama zao. Hwange ni hifadhi kubwa na nzuri, lakini inataka siku zake yenyewe. Atakayewashawishi kuongeza South Luangwa mumshukuru na mumwache, kwani iko upande mwingine kabisa wa Zambia.

Basi nalo mlisahau safari hii. Kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Lusaka ni zaidi ya siku nzima barabarani, bila kuhesabu kusubiri mpakani, na kutoka Lusaka hadi Livingstone kuna kilomita zinazokaribia 500. Reli ya TAZARA inaishia Kapiri Mposhi, kaskazini ya Lusaka. Nusu ya siku zenu kumi itaishia kwenye kiti. Pandeni ndege, hata kama mtalazimika kubadilisha njiani.

Kwa kuwa wajukuu watasafiri bila wazazi, bebeni vyeti vyao vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba na mama. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari, na daktari aulizwe kuhusu dawa za kinga ya malaria. Dola mzibebe za noti ndogondogo, safi, zisizochanika.

SWALI: Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga. Nimeona picha za watu wakiogelea ukingoni kabisa mwa maporomoko hayo. Nikienda Julai nitaweza? Kuogelea naweza sana.

JIBU: Julai hutaweza. Kidimbwi hicho, Devil's Pool, kiko upande wa Zambia kwenye Kisiwa cha Livingstone, na hufunguliwa maji yakishapungua, kwa kawaida kuanzia kama mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa mwaka. Wewe basi nenda katika msimu wa maji machache, ule niliomkataza Mwalimu. Septemba ni afadhali kuliko Oktoba, ambayo joto lake ni la kuchosha. Huruhusiwi kwenda bila kiongozi, na umahiri wako wa ufukwe wa Raskazone usikudanganye, kwa sababu huko kwenu Tanga wimbi linakurudisha ufukweni. Kama utakuwa umelala Zimbabwe, kumbuka kwamba kufika kisiwani ni kuvuka mpaka, hivyo pasipoti utakuwa nayo: itafutie mfuko usiopitisha maji.