Amplifaya ya santuri: achana na wati kwanza, geuza uangalie nyuma

Karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu amplifaya ya kusikilizia santuri nyumbani anaanza na swali lilelile, eti inatakiwa iwe na wati ngapi. Na mi kila siku namjibu kwa swali, hiyo unayotaka kununua nyuma yake pameandikwa PHONO, yaani mlango wa kuchomeka mashine ya santuri? Maana kama hapajaandikwa, hata wati ziwe elfu moja hazikusaidii kitu, utaweka santuri, sindano itashuka, alafu itatoka sauti ndogo, nyembamba, haina besi kabisa, na ukiongeza volyumu unachoongeza ni mvumo tu.

Ngoja nieleze kidogo kwa sababu hapa ndo penye mambo yote. Katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, ile aina ya kawaida inayoitwa MM inatoa umeme mdogo mno, kama milivolti 3 hadi 5. Simu yako, deki ya CD, king'amuzi, vyote hivyo vinatoa mamia ya milivolti mpaka volti 2 hivi. Kwahiyo kazi ya kwanza ya mlango wa PHONO ni kukuza huo umeme karibu mara 100 kabla haujaingia kwenye amplifaya yenyewe. Kazi ya pili wengi hawaijui. Santuri inapokatwa kiwandani besi inapunguzwa makusudi ili mfereji sindano inamopita usipanuke ukamaliza nafasi, na trebo inaongezwa ili ule mchakacho wa plastiki usisikike sana wakati wa kupiga. Kipimo chake kinaitwa RIAA, kilianza kutumika kwa pamoja mwaka 1954, na ukishuka mpaka hezi 20 besi imekatwa karibu desibeli 20. Mlango wa PHONO unarudisha kila kitu mahali pake. AUX, ule mlango wa kawaida wa simu na CD, haurudishi chochote, unapokea tu kama ulivyoleta.

Sasa usikimbilie kutupa amplifaya uliyonayo. Angalia kwanza mashine yako ya santuri, nyingi za siku hizi kama Audio-Technica AT-LP60X zina fono ndani yake, yaani hicho kikuzaji cha PHONO, na nyuma kuna swichi ya PHONO na LINE, ukiweka LINE unachomeka AUX unasikiliza, basi. Ila usichanganye, ukiweka LINE alafu uchomeke kwenye mlango wa PHONO sauti itapasuka vibaya. Kama mashine haina na amplifaya haina, unanunua kiboksi cha fono cha kukaa katikati, sio dhambi, vingine vinapiga vizuri kuliko fono za ndani ya amplifaya. Na ukinunua mpya soma kwa makini, kampuni moja inaweza kutoa mbili zinazofanana kwa sura na moja haina fono: Cambridge Audio AXA25 haina, AXA35 inayo. Yamaha A-S201 inayo.

Hapo ndo maelezo mengi ya mtandaoni yanapoishia, na kwa mtu wa Ulaya labda yanatosha. Ila sisi tunasikiliza nini? Mi nyumbani kwangu zaidi ya nusu ni zile ndogo za spidi ya 45, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, rumba za Kongo, wimbo umekatwa katikati, nusu upande wa kwanza nusu upande wa pili. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri, redio ilirekodi kwenye tepu na bendi iliyotaka santuri ilienda Nairobi, kwahiyo zilizobaki ni chache na zimepigwa kweli kweli, zimepita kwenye baa, kwenye harusi, kwenye sindano butu, zimekaa juani. Kuzipata ni kazi na kuzipata safi ni bahati. Kwahiyo amplifaya inayokufaa wewe ni ile inayoweza kuvumilia santuri iliyochoka, na hiyo haina uhusiano na wati.

Kitu cha kutafuta ni kitufe kimeandikwa MONO. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu sioni watu wakikizungumzia. Santuri nyingi za hapa kwetu za miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70 ni za mono, yaani sauti moja tu kwa spika zote mbili, na kwenye mono muziki wote uko kwenye mwendo wa sindano kulia na kushoto tu. Mwendo wa juu na chini hauna muziki, una vumbi, mikwaruzo na uchakavu. Katriji ya stirio inasoma vyote viwili bila kujali. Ukibonyeza MONO, amplifaya inaunganisha sauti za pande mbili kuwa moja na ule mwendo wa juu na chini unajifuta wenyewe kwa wenyewe, mchakacho unapungua palepale na sauti ya mwimbaji inakaa katikati imetulia. Mara ya kwanza niliposikiliza hivyo sauti ya Mbaraka Mwinshehe ilikuja mbele, na solo lake la gita ambalo nilikuwa nalisikia limezungukwa na mchakacho likawa peke yake. Hakuna waya wa bei mbaya utakaokupa hicho.

Kingine ni kitufe cha SUBSONIC au LOW FILTER. Santuri iliyokaa sehemu ya joto inajikunja, na kila ikizunguka sindano inapanda na kushuka, hiyo amplifaya inaiona kama besi nzito ambayo sikio halisikii ila spika inaihangaikia, utaona koni ya spika inaenda mbele na nyuma hata kabla wimbo haujaanza. Kitufe hiki kinakata huo upuuzi na amplifaya inapumua. Na vizungusho vya besi na trebo pia, wapo wataalamu wanasema amplifaya nzuri haina vizungusho, mi sikubaliani nao hata kidogo, santuri zetu hazikutengenezwa na mkono mmoja, kuna zilizojaa trebo mpaka zinakata masikio na kuna zilizozibwa.

Sasa vitu hivi vyote kwa pamoja utavikuta wapi? Kwenye amplifaya za Kijapani za mwishoni mwa miaka ya 70 na miaka ya 80, Pioneer, Sansui, Technics, Yamaha, Kenwood. Nyingi za siku hizi wameondoa mono kabisa. Ndo maana ushauri wangu kwa mtu wa santuri za zamani ni kununua used, na ndo ninayotumia mwenyewe. Ila used ina masharti.

La kwanza ni volteji. Zilizouzwa Japani ni za volti 100, za Marekani 120, sisi tuko 230. Usichomeke kitu kabla hujasoma kibandiko cha nyuma, hata muuzaji akikuapia. Ya volti 100 inahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma iwe na nafasi, amplifaya ikiandikwa inakula wati 200 chukua transfoma ya 500, na hakikisha ni ya 100 kweli, maana zinazojaa madukani ni za 110. Zile zilizoletwa na ndugu kutoka Maskati au Dubai mara nyingi ni za 220 au 240, hizo chomeka tu, na zingine zina kiswichi cha kuchagua volti nyuma.

La pili, ijaribu kabla hujalipa. Zungusha volyumu taratibu, ikikwaruza sio tatizo kubwa, dawa ya kusafishia vitufe inamaliza, lakini upande mmoja ukipotea moja kwa moja hapo fikiria. Fundi aweke mita kwenye sehemu ya spika wakati hakuna kinachopiga, isome milivolti chache tu, ikivuka 100 kuna ugonjwa na spika zako zinaweza kuungua. Na PHONO yenyewe uisikilize, nenda na mashine yako ya santuri usione aibu, dukani watakujaribishia kwa simu kupitia AUX na hiyo haikuambii kitu.

Wati nimeziacha makusudi. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 kila upande na mpaka leo watu wanaitafuta. Spika ya kawaida ya desibeli 87 ikipewa wati 20 inafika desibeli 100 ukiwa mita moja, hiyo ni kelele ya kuamsha jirani, na ukienda 40 unaongeza desibeli 3 tu. Kwa sebule ya kawaida 20 mpaka 50 za kweli zinatosha kabisa, nasema za kweli kwa sababu yale maelfu ya PMPO, wati za kutangazia biashara tu, kwenye maboksi ya sabufa siyahesabu. Cha maana zaidi omu za spika zisiwe chini ya zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Ukishafunga, ule waya mwembamba wa erthi unaotoka kwenye mashine ya santuri ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND, wengi wanauacha unaning'inia alafu wanalalamika amplifaya inavuma. Weka na kilinda umeme chenye kuchelewesha, umeme ukirudi kwa kishindo kapasita za zamani hazipendi.

Na kama nyumbani kuna zile nzito za 78 za bibi na babu, za enzi za Siti binti Saad aliyeenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hizo zilikatwa kabla ya RIAA na mfereji wake ni mpana, zinataka sindano yake maalumu na mashine yenye spidi ya 78. Amplifaya yako yenye MONO na vizungusho itazipiga vizuri tu, bonyeza mono, alafu cheza na trebo na besi mpaka sauti ya mtu isikike kama ya mtu.