Msanii anaonyeshaje "nyumbani" bila kuchora nyumba?

Ndugu, umeuliza msanii anawezaje kuzungumzia kwao bila kuchora nyumba wala mnazi. Mtazame msanii Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa bado mchanga, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Katika kazi yake ya 2004, Naming the Money, alisimamisha watu 100 wa mbao bapa, kimo cha binadamu: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja ana jina lake la asili na lile alilobandikwa na bwana wake. Unapita katikati yao, wamekuzunguka, chumba chote kimekuwa chao. Kwangu mimi hilo linasema mengi kuhusu kung'olewa kwenu kuliko picha yoyote ya machweo ufukweni.

Ukitaka kuona kwa karibu hapa Dar, fika Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoko Mikocheni. Studio zake ni makontena yaleyale ya bandarini, na wasanii wanafanyia kazi humohumo. Tafadhali zungumza nao kabla hujauliza bei.